Mtoto anayetokwa na damu bila kukoma na msimu wa jando: jibu kwa mama wa Newala

Mama mmoja wa Newala ameniandikia kuhusu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 7. Jino lake la kwanza la utoto lilipong'oka, damu ilichuruzika kwa siku tatu na kila asubuhi mto wake ulikutwa umelowa. Goti la kushoto huvimba na kuwa la moto hata pale ambapo hakuanguka. Alipimwa siko seli akaonekana hana, kisha hospitali ya wilaya ikamwandikia rufaa ya kwenda Mtwara yenye maneno "anashukiwa kuwa na himofilia", yaani ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda inavyopaswa. Kaka yake mama huyu alifariki jandoni akiwa mtoto kwa kutokwa na damu, na ukoo uliamini kwamba wazazi wake walivunja mwiko. Mwaka huu binamu za mtoto wanaingia jando, na wazee wanataka naye aingie. Mama anauliza kama kweli huu ndio ugonjwa wenyewe, kama kuongezewa damu hakutoshi, kama itawalazimu kuhamia Dar es Salaam, na kama mtoto aende jandoni au abaki. Mwishoni anataja kwamba mdogo wake wa kike ni mjamzito, na anaogopa kumwambia.

Mama, swali la jando umelichelewesha, lakini nitaanza nalo kwa sababu ndilo lenye tarehe. Mwanao asikatwe na mtu yeyote, awe ngariba wa kumbini au tabibu wa hospitali, mpaka mambo mawili yakamilike: kiwango chake cha protini ya kugandisha damu kiwe kimepimwa na kuandikwa kwenye cheti, na dawa ya kuziba upungufu huo iwe tayari imo ndani ya friji ya hospitali atakayofanyiwa tohara, si kwamba imeagizwa na inasubiriwa. Sisemi kwamba asitahiriwe maisha yake yote. Wapo watoto wengi wenye himofilia waliotahiriwa salama. Ninachosema ni kwamba kumkata msimu huu kwa sababu tu binamu zake wanakatwa ni kumpeleka kule kule alikokwenda mjomba wake.

Na huyo mjomba ndiye aliyenifanya niichukulie barua yako kwa uzito niliouchukulia. Jino lililotoa damu siku tatu lingeweza kuwa na sababu nyingine, na goti linalovimba lina sababu zisizopungua kumi, lakini mtoto wa kiume mwenye vyote viwili, ambaye kaka wa mama yake alifariki kwa kutokwa na damu baada ya tohara, ana historia ambayo daktari yeyote wa magonjwa ya damu akiisoma husimamisha kalamu. Niruhusu nieleze kwa nini.

Damu inapotoka kwenye jeraha, mwili huizuia kwa hatua mbili. Kwanza chembe sahani hukimbilia penye tundu na kuliziba kwa muda, kisha protini zilizomo ndani ya damu huamshana moja baada ya nyingine, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo, mpaka ya mwisho inapotengeneza nyuzi zinazoikaza ile ziba ya kwanza. Protini hizo kliniki huziita fakta na kuzipa namba. Mwenye himofilia A ana upungufu wa fakta 8, na mwenye himofilia B ana upungufu wa fakta 9. Kwa kuwa chembe sahani zake ni nzima, mkwaruzo mdogo wa ngozi humtoka damu kama mtoto mwingine yeyote na kukoma, na hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wengine. Hutoka kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ile ziba ya kwanza haikazwi, na baada ya saa kadhaa inaachia. Ndiyo maana mtoto anaweza kukatwa jandoni asubuhi, akaonekana yuko salama mchana, na usiku kitambaa kikawa kimelowa.

Himofilia A humpata mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 hivi wanaozaliwa, na B ni adimu zaidi. Ugonjwa huu unapita katika kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, aliyoipata kwa mama yake, ilhali mwanamke anazo mbili, hivyo yenye kasoro kwa kawaida husaidiwa na nzima. Mwanamke mwenye kromosomu moja yenye kasoro huitwa mbebaji. Katika kila mimba yake ya mtoto wa kiume, uwezekano wa mtoto kuwa mgonjwa ni nusu kwa nusu. Katika kila mimba ya mtoto wa kike, uwezekano wa binti kuwa mbebaji ni huo huo. Mwanamume mgonjwa hamrithishi mtoto wake wa kiume, lakini mabinti zake wote watakuwa wabebaji.

Sasa fikiria jinsi ukoo unavyohesabiwa kwenu. Wamakonde, kama majirani zao Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa jadi wanauhesabu upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake, likiwamo hilo la kumpeleka kumbini. Ugonjwa huu nao unafuata njia hiyo hiyo: kutoka kwa bibi yako kwenda kwa mama yako, kutoka kwa mama yako kwenda kwa kaka yako na kwako, na kutoka kwako kwenda kwa mwanao. Kwa hiyo wazee wa upande wa mama, ambao wanawakumbuka watoto wote waliozaliwa na waliofariki kwa vizazi vitatu au vinne, wana taarifa ambazo daktari wa Mtwara hawezi kuzipata kwenye mashine yoyote. Kabla hamjaondoka Newala, kaa na bibi au mama mkubwa, mwandike kwenye karatasi kila mtoto wa kiume wa upande huo aliyetokwa na damu nyingi kitovuni, jandoni, alipong'olewa jino, au aliyekuwa na magoti yaliyopinda. Karatasi hiyo ikae pamoja na barua ya rufaa.

Kuhusu mwiko nitasema jambo moja, na nalisema kwa heshima. Najua kwamba wari wanapokuwa kumbini wazazi nao huwekewa masharti, na mtoto akitoka damu kupita kiasi, macho hugeukia nyumbani kwake. Kaka yako, kwa yote uliyoyaeleza, alizaliwa na damu isiyoganda. Wazazi wake wangeyashika masharti yote bila kukosea hata moja, na damu ingetoka vilevile. Umesema bibi yako bado yu hai na hajawahi kulizungumzia jambo hilo. Nadhani ana haki ya kuyasikia haya kutoka kwako majibu yatakaporudi. Na kama kuna anayekulaumu wewe kwa kubeba kasoro hii, ajue kwamba takriban theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuwa na mgonjwa kabisa: kasoro huanza upya kwa mama au kwa mtoto mwenyewe, bila kosa la mtu.

Hata hivyo, historia peke yake haitoshi, na hapa ndipo penye kazi. Vipimo vya awali ni vitatu: hesabu ya chembe sahani, kipimo kiitwacho PT, na kingine kiitwacho APTT, hivi viwili vikipima muda ambao damu inachukua kuganda. Katika himofilia viwili vya kwanza huwa vya kawaida na APTT hurefuka. Majibu ya namna hiyo yakionekana, hufuata kupima kiwango cha fakta 8 na fakta 9, kila moja peke yake, kwa sababu mgonjwa wa A na mgonjwa wa B hufanana kabisa kwa nje ilhali dawa zao ni tofauti. Kiwango kikiwa chini ya asilimia 1 ya kile cha mtu mzima kiafya, ugonjwa ni mkali, na mgonjwa hutokwa damu ndani ya viungo bila hata kuumia. Kikiwa kati ya 1 na 5 ni wa wastani. Kikizidi 5 na kuishia kwenye 40 hivi ni mwepesi, na huenda usijulikane mpaka siku ya upasuaji au ya kung'olewa jino. Kwa jinsi unavyolieleza goti la mwanao, sitarajii awe katika kundi hili la mwisho. Daktari pia atataka kuutafuta ugonjwa wa von Willebrand, ambao huwapata wanawake na wanaume sawa na hufanana na himofilia katika baadhi ya mambo, hasa damu ya fizi na ya pua.

Kipimo cha siko seli alichofanyiwa kilikuwa cha maana, kwa kuwa ugonjwa huo upo katika ukanda wetu na mtoto mwenye viungo vinavyouma lazima ufikiriwe. Lakini hakipimi kuganda kwa damu, wala kipimo cha malaria hakipimi, wala cha wingi wa damu. Mzazi akiambiwa "damu yake imepimwa na iko sawa", aulize ni kipimo gani kilichofanyika.

Jambo ambalo huharibu majibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani ni chupa ya sampuli. Damu ya APTT huwekwa katika chupa yenye kifuniko cha rangi ya buluu, ambayo ndani yake mna dawa ya maji iitwayo sitireti, iliyopimwa ili sehemu tisa za damu zichanganyike na sehemu moja ya dawa. Chupa hiyo ina mstari. Damu isipofika kwenye mstari, dawa inazidi na kipimo kinarefuka kwa uongo. Ikipita, inaweza kuanza kuganda. Zaidi ya hapo, fakta 8 huharibika upesi, kiasi kwamba sampuli inatakiwa ifanyiwe kazi ndani ya saa nne hivi tangu ilipotolewa, au plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, itenganishwe na kugandishwa kwenye baridi kali. Sasa chukua chupa iliyotolewa Newala saa mbili asubuhi, ikapanda basi la kupitia Tandahimba, ikakaa juu ya dashibodi kwenye jua, ikafika Mtwara mchana na kusubiri fundi wa maabara atoke kula. Majibu yatakayoandikwa hapo yataeleza safari ya chupa, hayatamweleza mtoto. Kwa sababu hiyo nashauri kila mara kwamba asafiri mtoto, isisafiri damu. Na kabla ya kupanda gari, mwombe daktari aliyekuandikia rufaa awapigie simu wenzake wa Mtwara, aulize kama vitendanishi vya APTT vipo wiki hiyo na kinapimwa siku gani, maana nauli ya bure inauma.

Rufaa yako inaweza kukupeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, na kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji bingwa, chagua Mitengo. Kama maabara haitaweza kupima kiwango cha fakta zenyewe, APTT iliyorefuka itatosha kumwandikia rufaa ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako kuna kliniki ya himofilia yenye wataalamu waliozoea ugonjwa huu. Hapo naomba usikate tamaa kwa ajili ya umbali. Muhimbili mtakwenda ili mtoto athibitishwe, asajiliwe, apimwe kama mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya dawa, na apangiwe matibabu. Kuhamia Dar es Salaam hakutakiwi. Baada ya hapo matibabu ya kila siku yanaweza kufuatiliwa Mtwara, na hata Newala kwa mambo madogo, mradi karatasi yenye mpango iwe mkononi mwako na namba ya simu ya kliniki iwe kwenye karatasi hiyo. Kwa familia isiyo na uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mahali pa kuanzia, tena mapema, kabla ya deni kutokea. Barua kutoka kwa mtendaji wa kijiji husaidia sana hapo.

Usajili ni muhimu kwa sababu nyingine ambayo wazazi hawaambiwi. Fakta zilizokaushwa na kufungashwa kwenye vichupa ni ghali mno, na nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zimekuwa zikipokea sehemu kubwa ya dawa hizo kama msaada kupitia Shirikisho la Dunia la Himofilia, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Msaada huenda kwenye vituo vinavyotibu wagonjwa wanaojulikana. Mtoto aliyeko Newala bila jina lake kuandikwa popote hahesabiki wakati dawa inapoombwa, na pia hatafikiriwa kwa dawa mpya kama emicizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa himofilia A, ambayo huchomwa chini ya ngozi kila wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne ili kuzuia damu isitoke kabisa, badala ya kusubiri itoke ndipo ifukuzwe.

Umeuliza kama kuongezewa damu hakutoshi. Hakutoshi. Damu nzima au seli nyekundu humrudishia mtoto wingi wa damu aliyopoteza, na mtoto aliyepauka na kuhema anaihitaji ili asife, lakini haizibi pale inapotokea. Katika damu iliyokaa kwenye friji ya benki ya damu, fakta 8 hupungua siku hadi siku. Ndiyo maana unasikia mtoto aliongezewa chupa tatu na bado akaendelea kutoka damu. Plazma iliyogandishwa ikiwa mbichi ina fakta zote, ila kwa uchache, hivyo huhitajika nyingi kuliko mwili wa mtoto unavyoweza kuipokea kwa urahisi. Ipo sehemu ya plazma inayoitwa krayo, yenye fakta 8 kwa wingi zaidi. Hiyo inamfaa mgonjwa wa himofilia A dawa ya vichupa inapokosekana, na haimsaidii kitu mgonjwa wa B, kwa kuwa haina fakta 9 ya kutosha. Unaona basi kwa nini nang'ang'ania aina ijulikane.

Hesabu yenyewe si ngumu, na napenda wazazi waijue. Kila uniti moja ya fakta 8 kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa asilimia 2 hivi. Tuseme mwanao ana kilo 20, ana himofilia A kali, na daktari anataka kiwango kifike asilimia 80 kabla ya tohara: atahitaji uniti 800. Mfuko mmoja wa krayo una uniti 80 hivi, kwa hiyo uniti 800 ni mifuko kumi, kutoka kwa wachangia damu kumi, kwa dozi moja. Na dozi moja haitoshi, kwa sababu baada ya saa 8 hadi 12 nusu ya fakta 8 iliyoingizwa huwa imekwisha. Fakta 9 hudumu zaidi, saa 18 hadi 24, lakini uniti moja kwa kilo huipandisha kwa asilimia 1 tu.

Turudi kwenye tohara yenyewe, sasa ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Mtoto aliyethibitishwa hupangiwa siku ya kazi asubuhi, mwanzoni mwa juma, si Ijumaa jioni ambapo maabara na famasi zinafungwa. Kwanza huhakikishwa hana kingamwili zinazoua fakta anayochomwa. Katika himofilia A kali kingamwili hizo hutokea kwa wagonjwa wanaofikia takriban 30 katika kila 100, na mwenye nazo hawezi kukatwa kwa mpango huu wa kawaida. Asiye nazo hupewa fakta dakika chache kabla ya kukatwa, na daktari wa upasuaji hufunga mishipa midogo mmoja mmoja kwa uangalifu. Kisha hulazwa na kuendelea kupewa fakta kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au zaidi, pamoja na vidonge vya asidi ya traneksamiki vinavyozuia ziba ya damu isiyeyuke. Siku ya hatari ambayo watu hawaitegemei ni ile kigaga kinapobanduka, pengine siku ya tano au ya saba, mtoto akiwa tayari anakimbiakimbia. Mgonjwa asiye na mpango hufia hapo. Kwa hiyo dawa inayotakiwa kuwamo kwenye friji ni ya wiki nzima.

Najua utakavyojibiwa na wazee: mtoto asiyepita kumbini si mtu kamili, na wenzake watamcheka. Hoja hiyo siidharau. Lakini jando lina mambo mawili, kukatwa na kufundwa, na siku hizi familia nyingi za Mtwara na Lindi zimekwisha kuyatenganisha: mtoto hukatwa hospitali, kisha huingia kumbini kufundwa, kuimba na kutoka na wenzake kwa shangwe ile ile. Mwanao anaweza kuingia kumbini kwa mafunzo bila kukatwa, endapo mkuu wa kumbi na ngariba wataambiwa ukweli mapema, na endapo atakuwapo mtu mzima mmoja mnayemwamini wa kumlinda dhidi ya viboko na michezo ya kuangushana. Kama huyo mtu hayupo, abaki nyumbani mwaka huu. Mazungumzo hayo ayaanzishe mjomba aliyebaki, akiwapo, kwa kuwa sauti yake ina uzito kuliko ya daktari.

Wala wasidhani kwamba kumsamehe mtoto wa namna hii ni jambo jipya lililoletwa na hospitali. Karne nyingi kabla ya maabara yoyote, marabi wa Kiyahudi, ambao kwao tohara ni amri kubwa, waliandika katika Talmud kwamba mwanamke aliyefiwa na watoto kwa sababu ya tohara, anayefuata asitahiriwe, na wakaijadili hatari hiyo hiyo kwa watoto wa dada zake. Katika fikihi ya Kiislamu nayo, wanazuoni wanakubali khitani kuahirishwa kwa mtu ambaye inahofiwa itamdhuru. Kama familia yenu ni ya Kiislamu, sheikh wa msikiti wenu akiulizwa kwa ukamilifu, huku cheti cha hospitali kikiwa mbele yake, naamini atawasaidia kuliko mnavyotarajia.

Wakati mnasubiri vipimo, mchukulie mtoto kama mgonjwa aliyethibitishwa. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, ambazo ndizo dawa duka la dawa huzitoa upesi kwa goti linalouma, parasetamoli inaruhusiwa. Asichomwe sindano ya msuli, na anapohitaji chanjo muuguzi atumie sindano nyembamba kuliko zote na kubonyeza mahali hapo kwa dakika kumi bila kupasugua. Asichanjwe chale, na asikatwe kimeo. Nimelitaja la kimeo makusudi, kwa sababu kikohozi kikirefuka kidogo lazima atatokea mtu wa kulipendekeza. Goti likianza kuvimba, mlaze, liinue kwa mto, lifunge bandeji isiyobana sana, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na usiruhusu lichuliwe au kukandwa kwa maji ya moto. Watoto hulisikia kabla halijavimba: husema kuna kitu kinawasha au kinatekenya ndani. Saa hiyo ndiyo ya kumpeleka hospitali, kwa maana damu inayoingia ndani ya goti mara kwa mara hula gegedu, na mtoto hubaki na mguu usionyooka. Tohara mnaiogopa ninyi nyote. Goti ndilo linaloharibu maisha ya wagonjwa wengi kimyakimya, kwa hiyo usiliache liwe jambo la pili.

Akianguka kwenye mkorosho au akigongwa kichwani, hata kama halii wala havimbi, aende hospitali papo hapo, na kama fakta ipo apewe kwanza ndipo achunguzwe. Vivyo hivyo akilalamika maumivu ya kinena au ya chini ya tumbo huku akitembea ameinama na hawezi kunyoosha paja: hiyo inaweza kuwa damu ndani ya msuli wa nyonga, na imewahi kudhaniwa kuwa kidole tumbo na mtoto akapasuliwa. Mwambie daktari kwa sauti neno "himofilia" kabla hajauliza.

Wewe mwenyewe pia upimwe. Ikiwa mwanao na marehemu kaka yako wote walikuwa na ugonjwa huu, basi u mbebaji, na wabebaji wengine wana kiwango cha chini kiasi cha kutokwa na damu nyingi ya hedhi au baada ya kujifungua. Watu hudhani wanawake hawaguswi na himofilia, na wauguzi nao hudhani hivyo.

Hapo ndipo linapoingia suala la mdogo wako, na la kuogopa kumwambia. Mwambie leo. Huenda yeye si mbebaji, lakini hilo halijapimwa, na mimba haisubiri. Aende kliniki ya wajawazito aandikiwe kwenye kadi yake kwamba katika ukoo kuna tatizo la damu kutoganda na kwamba mtoto wa dada yake anachunguzwa. Apangiwe kujifungulia hospitali yenye damu na uwezo wa upasuaji, si zahanati, na wakunga waambiwe wasimvute mtoto kwa kifaa cha kunyonya kichwa wala kwa koleo. Mtoto akizaliwa wa kiume, damu ichukuliwe kwenye kitovu, upande wa kondo, kwa ajili ya kupima fakta 8 au fakta 9. Ikiwa ugonjwa wa ukoo utaonekana kuwa B, kipimo kirudiwe baada ya miezi sita, kwa sababu fakta 9 ya watoto wachanga wote huwa chini. Sindano ya vitamini K apewe kwa sindano nyembamba na pabonyezwe, na tohara ya uchanga, kama ndiyo desturi ya upande wa baba yake, isifanyike mpaka majibu hayo yawe yamesomwa na daktari.